Nguzo Iliyolegea na Hesabu Niliyoikosea

Jumamosi, saa kumi na moja jioni, Lubunga. Mvua imekatika sasa hivi. Bati bado linadondosha matone ndani ya ndoo, na ng'ambo ya mto mji umefunikwa na mvuke.

Nimezoea kuanza kwa neno "Waheshimiwa". Kwa miaka tisa, kila sherehe ya upande huu wa mto, mimi ndiye ninayepandishwa jukwaani, kwa kuwa nina sauti inayofika mbali na Kifaransa kisichojikwaa. Leo mbele yangu hakuna mheshimiwa yeyote. Kuna daftari la shule lenye mistari ya bluu. Hata hivyo nitasema yote kwa mpangilio, kama nilivyofundishwa na kama ninavyofundisha.

Ninaandika nikiwa nimelala kifudifudi juu ya mkeka. Sababu yake itafika mahali pake.

Jumanne walimpiga mdogo wangu.

Lokwa ana miaka thelathini na mmoja. Anapiga gitaa katika animasyo ya mtaa wetu, yaani kile kikundi kinachoimba na kucheza sifa za Kiongozi, yaani Guide kwa Kifaransa, kila Chama kinapotaka. Hakuna mtu aliyeomba kuingia humo, na hakuna aliyethubutu kuomba kutoka. Gitaa lake ni la umeme, jekundu, zito kama mlango, na limepitia mikono mingi kabla ya kufika kwetu.

Ni lazima nieleze jinsi lilivyoundwa, maana maumivu ya juma hili yote yametokea ndani ya tundu lisilozidi upana wa kidole changu kidogo. Kile kipande cha chuma kinachobeba nyuzi, yaani daraja, hakikugongomewa kwenye mbao. Kimeegemea nguzo mbili fupi za chuma zilizokazwa ndani ya mbao kama skrubu, na kinachezacheza juu yake. Kina mkono mwembamba ambao wanamuziki wa hapa wanauita vibrato. Ukiubonyeza, nyuzi zinalegea na sauti inashuka kama mtu anayeinama. Ukiuachia, springi zilizo nyuma zinalivuta daraja na sauti inasimama tena. Uzuri wote uko katika kurudi. Nguzo moja ikilegea, daraja halirudi pale lilipokuwa, na sauti ya gitaa zima inapinda kwa mpigo mmoja.

Jumanne tulikuwa kwenye mazoezi, katika uwanja wa gari moshi, watu wasiopungua mia mbili juu ya kokoto. Katika wimbo mkubwa kuna mahali ambapo jina la Kiongozi linatamkwa polepole, na hapo Lokwa hubonyeza mkono ili jina hilo lishuke na kupanda kwa madaha. Alibonyeza. Jina lilishuka. Halikupanda. Lilibaki chini, limepinda, likilia kama mbuzi aliyeshikwa koo, na nyuzi zote sita zikafuatana nalo.

Wanawake wa safu ya nyuma walicheka.

Msimamizi wa nidhamu wa kikundi ni Bosenge, ambaye tunapaswa kumwita Komanda ingawa hakuwahi kuvaa cheo chochote jeshini. Alisimamisha muziki kwa kunyanyua rungu lake.

"Banacheka nani?" aliuliza. "Banacheka mimi, ao banacheka Guide?"

Alimwonyesha Lokwa kwa ncha ya rungu.

"Weye wa gitaa. Kuja. Lala." Kisha akanigeukia, kwa adabu kabisa. "Citoyen Préfet, weye iko na sauti ya muzuri. Hesabia batu basikie. Thelathini."

Citoyen, yaani mwananchi, ndivyo tulivyoamriwa kuitana; nami ni préfet, mkuu wa masomo wa sekondari ya hapa, na ni mwalimu wa hesabu. Nilisimama pale jukwaani, karatasi ya hotuba mkononi, nikahesabu.

Nataka kuliandika hili bila kulipamba. Vijana wawili walimkalia Lokwa, mmoja miguuni, mwingine kichwani. Pigo la kwanza lilimkata pumzi hata asiweze kulia. La nne lilipasua shati. La tisa lilipasua kilichokuwa chini ya shati, na kuanzia hapo kila rungu lilipopanda lilirusha matone mekundu kwenye soksi nyeupe za wachezaji. Katika pigo la ishirini na mbili rungu lilivunjika. Bosenge alitema mate viganjani, akapewa jingine. Nikasema "ishirini na tatu" kwa sauti ileile niliyosemea "ishirini na mbili".

Sauti yangu haikutetemeka. Nimeitafuta kumbukumbu ya mtetemo hata mmoja, sijaipata.

Na bado sijafika kwenye ungamo lenyewe.

Nguzo ile nilikuwa nimeitengeneza mimi, mwezi mmoja kabla. Marehemu baba yetu alikuwa seremala, na mimi ndiye niliyerithi patasi zake. Lokwa alikuja akasema nguzo ya upande wa nyuzi nene inayumba. Nilikuwa na madaftari ya kusahihisha. Nikavunja njiti saba za kiberiti, nikazipaka gundi, nikazisokomeza tunduni, nikaikaza nguzo juu yake. Hivyo ndivyo kila mtu hapa anavyotengeneza bawaba ya mlango, na mlango husimama. Ila mlango hauvutwi na nyuzi sita mchana kutwa. Njiti ni mti laini. Zilisagika zikawa unga, tundu likapanuka, nguzo ikaanza kuinama kuelekea shingo ya gitaa.

Nilimwambia: "Imepona." Nilisema hivyo bila hata kulipiga gitaa.

Kwa hiyo hesabu kamili ni hii: mimi niliharibu, yeye akapigwa, na mimi tena nikahesabu.

Kabla hatujatawanyika, Bosenge alitangaza kwamba Jumamosi mjumbe kutoka mji mkuu atateremka kwa ndege uwanja wa Bangboka, atavuka mto, na ataketi mbele yetu. Gitaa likipinda tena mbele yake, Lokwa atapandishwa katika lori la wanajeshi jioni hiyohiyo. Lori lile tunalifahamu. Wanaume watatu wa mtaa huu wamelipanda, na wake zao hadi leo hawajui wavae nguo za rangi gani.

Jumatano asubuhi Lokwa alikuwa amelala juu ya mkeka huuhuu, mgongo ukiwa umepakwa mawese. Alipeleka mkono chini ya tumbo, akatoa kipande cha mti, kirefu kama kiganja, kinene kama mpini wa jembe, kimepasuka upande mmoja.

"Yaya, angalia," aliniambia, na Yaya kwetu ni kaka mkubwa. "Ilianguka karibu na pua yangu. Kambala ya bien. Apana njiti ya kiberiti tena."

Kilikuwa kipande cha rungu la kambala, yaani mvule, lililovunjikia mgongoni mwake. Alikuwa amekiokota wakati watu wakimnyanyua, akakificha ndani ya shati lililochanika.

Nikakishika. Yeye akaendelea, shavu likiwa juu ya mkeka:

"Kitu moja tu, Yaya. Kwa kumi na tano, minasema: sasa ataruka. Kwa ishirini, minasema: sasa ataruka. Weye mwalimu wa hesabu! Ungeruka ata moja."

Alicheka, kisha akaacha ghafla, maana kucheka kunavuta ngozi ya mgongo.

Haikunijia. Huo ndio ukweli mtupu. Si kwamba niliogopa kuruka nambari. Wazo lenyewe halikunijia. Nilikuwa nimeambiwa nihesabu, na mimi ninajua kuhesabu.

Mchana nilikwenda kwa Asumani, seremala aliyetoka Maniema, anayetengeneza milango na majeneza karibu na kituo cha gari moshi. Nilimwomba keekee ya kutobolea mbao, na gundi. Alikitazama kipande cha mti, akakitazama kigingi kidogo nilichokuwa nimekichora juu yake kwa penseli.

"Préfet, uko natengeneza jeneza ya panya?"

Kisha akaliona doa jeusi kwenye mti. Aliacha mzaha. Alinipa keekee yake nzuri, ile asiyomwazima mtu, na chupa ya gundi iliyokuwa imebaki nusu.

"Gundi na mvua haipatane," alisema. "Ngoja siku mbili, karibu na mbabula. Isiguse moto."

Nilitoa nyuzi, nikafungua springi, nikaling'oa daraja. Nguzo mbovu niliichomoa kwa vidole viwili, kama jino la mzee. Kutoka tunduni ulimwagika unga wa njiti zangu. Nilitoboa upya ili tundu liwe duara safi, lenye kuta za mti mzima. Na ni lazima nikiri: kila nilipoizungusha keekee nilikuwa nikiiona shingo ya Bosenge. Niliona ncha ikiingia chini ya sikio lake. Niliizungusha polepole ili nisimalize upesi. Mikono yangu ilikuwa imetulia kabisa, na jambo hilo lilinitisha kuliko wazo lenyewe.

Kigingi sikukikata kwa urefu wa rungu. Hilo ni kosa ambalo baba asingelisamehe, kwa maana mishipa ya mti ingesimama wima, na skrubu inayoshuka sambamba na mishipa huitenganisha na kung'oka. Nilikikata kwa kukingama, ili mishipa ilale kama ilivyolala katika gitaa lenyewe, na meno ya nguzo yaikate na kuishika. Doa lilikuwa limeingia ndani zaidi ya nilivyodhani. Sikulipiga msasa. Nilikipaka gundi, nikakigonga kwa nyundo mara tatu, kikaingia kwa shida, kikakaa.

Siku mbili gitaa lilining'inia juu ya mbabula, jiko letu la makaa, kama samaki wa kukaushwa. Mvua haikukoma. Niliamka mara nyingi kuigusa gundi kwa ukucha.

Ijumaa, baada ya masomo, nilitoboa katikati ya kigingi tundu jembamba kuliko nguzo, nikaikaza nguzo taratibu, nusu mzunguko kwa nusu mzunguko, nikiisikiliza. Mti ulilia kidogo, ule mlio wa kambala inapokubali chuma. Nililirudisha daraja, springi na nyuzi. Lokwa aliketi kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, upande mmoja wa tako.

"Bonyeza," nilimwambia.

Aliubonyeza mkono ule kama mtu anayevunja shingo ya kuku. Akaachia. Sauti ikarudi. Akabonyeza tena, kwa hasira, akiwa ameyauma meno. Alibonyeza mara thelathini. Idadi hiyo aliichagua yeye, na mimi sikuihesabu kwa sauti. Mara ya thelathini sauti ilisimama mahali palepale iliposimama mara ya kwanza.

Alinitazama. Hakusema kwamba imepona. Mimi pia sikusema.

Leo mjumbe amevuka mto saa nne. Ni mtu mnene, mpole wa uso, aliyeshikiwa mwavuli. Nilitoa hotuba. Nilizungumza juu ya furaha ya watu wa Lubunga, na nikatua mahali panapostahili makofi, na makofi yakaja. Kisha wimbo mkubwa. Jina lilipokaribia, nilijikuta nimeacha kumtazama mjumbe. Nilikuwa naitazama ile nguzo, nukta inayong'aa juu ya mbao nyekundu, hatua kumi kutoka nilipoketi. Jina lilishuka. Jina likapanda, safi, mviringo, likakaa.

Nilijivuna. Katikati ya yote hayo, nilijivuna kama fundi.

Tulidhani tumeokoka. Mjumbe alikaribishwa mezani chini ya turubai, na kikundi kikaruhusiwa kupumzika nyuma ya mabehewa. Hapo ndipo Bosenge alipomwona Mama Feza.

Mama Feza ni mchezaji wa safu ya nyuma, mjane, muuza chikwangue, ule mkate wa muhogo. Alikuwa amechoka, akaketi juu ya reli. Kitenge tunachogawiwa kwa sherehe kimechapwa uso wa Kiongozi.

"Mama! Uko nakalia uso ya Guide?"

Yeye ndiye aliyeongoza kicheko cha Jumanne, na leo hakuweza kujizuia.

"Citoyen Komanda, uso iko mbele, uso iko nyuma, uso iko pembeni. Nitakaa na nini? Na kichwa?"

Wanawake waliingiza vicheko viganjani. Bosenge alimpiga kofi lililomtoa juu ya reli. Alipojaribu kuinuka alimpiga teke la mbavu, nikasikia kitu kikilia ndani yake kama kikapu kinachokanyagwa.

"Ishirini," alisema Bosenge. "Orchestre, pigeni! Nguvu! Mjumbe asisikie kelele. Citoyen Préfet, hesabu."

Rungu lilikuwa jipya, bado linanukia mti. Lokwa alikuwa ameshika gitaa. Hakunitazama. Alianza kupiga ule wimbo.

"Moja," nilisema. Mama Feza ni mwembamba. Mwili wote uliruka kutoka kwenye kokoto. "Mbili." Alipiga kelele. "Tatu." Aliuma udongo. "Nne." Kitenge kilichanika, na nyuso zile zikaanza kulowa moja baada ya nyingine. "Tano."

Nikavuta pumzi.

"Kumi na sita," nilisema, kwa sauti ileile inayofika mbali.

Rungu lilishuka. Mtu mmoja alikohoa. "Kumi na saba. Kumi na nane. Kumi na tisa. Ishirini." Nikanyamaza, kama mtu aliyemaliza kazi yake.

Nilikuwa nimesahau jambo moja. Bosenge na mimi tuliketi dawati moja katika shule ya msingi, na katika hesabu za kichwa alikuwa akinishinda.

Alilishusha rungu. Alinisogelea hadi nikasikia harufu ya pombe ya mahindi.

"Citoyen Préfet. Ngapi imepotea?"

"Kumi," nilijibu.

"Kumi. Bon. Weye ulizipoteza, weye utazilipa. Lala."

Nilivua miwani, nikamkabidhi mpiga ngoma. Nikalala juu ya kokoto palipokuwa bado pana joto la Mama Feza. Safari hii Bosenge alihesabu mwenyewe. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Nne. Nne. Nne. Yeye pia aliamua kukosea. Sijui zilikuwa ngapi kwa jumla. Najua tu kwamba ile "kumi" ilichelewa mno, na kwamba mwalimu wa hesabu alikuwa ameacha kuhesabu, na kwamba nililia kwa sauti yangu yote, ile inayofika mbali, na Lokwa akaongeza nguvu ya gitaa ili inifunike.

Kila pigo liliposhuka, alibonyeza ule mkono. Nadhani ilikuwa njia yake ya kutoruka kumshika Bosenge koo. Sauti ilishuka pamoja na rungu. Nami nikiwa na udongo mdomoni, nikiwa sioni kitu bila miwani, nilishika jambo moja tu: nilisikiliza kama itarudi. Ilirudi. Ilishuka, ikarudi. Ilishuka, ikarudi palepale. Kigingi kile hakikuyumba hata unywele.

Mjumbe aliondoka saa tisa, akiwa amefurahi. Lori la wanajeshi lilivuka pamoja naye. Lokwa hakuwa ndani yake.

Mama Feza amepita hapa kabla ya mvua, akitembea kwa kushika ukuta, mbavu zimefungwa kwa kitambaa. Ameacha kikombe cha mawese mlangoni.

"Préfet," amesema, "hesabu yako iko mubaya sana." Amepumua kwanza. "Aksanti."

Na Lokwa, ambaye sasa ananipaka mawese hayo kwa mkono mzito usiojua huruma, amesema neno moja tu tangu turudi nyumbani.

"Umeruka kumi, Yaya. Moja ingetosha."

Tumecheka wote wawili, kisha tumeacha ghafla wote wawili.

Gitaa liko ukutani. Bosenge ataniita tena kuhesabu. Sauti hii haijapata mrithi. Sijui siku hiyo nitafika ngapi.

Jumatatu saa ya kwanza nina darasa la hesabu. Nitafundisha nikiwa nimesimama.